Wenye Maiti Waingie

Serikali iliupa mtaa wetu jina, likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kibao cha bati karibu na posta, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Watu wote wa Musoma, hata wale waliotoka Bunda na Butiama kuja kununua vitu, waliuita Mtaa wa Mafundi. Ulianzia juu, kwenye karakana ya Mzee Kudura seremala, ukateremka moja kwa moja hadi msikitini. Ukiupita msikiti, njia iliendelea mpaka makaburini, upande wa Makoko, mahali unapoliona ziwa.

Maduka yalikuwa ya Wahindi, vibaraza vilikuwa vyetu. Baada ya Mzee Kudura alikuwapo mfua bati, ambaye kelele zake ziliamsha watoto wote waliolazwa mchana. Chini yake walikaa washona viatu, kisha Clementi mpiga picha, ambaye dirisha lake la kioo lilikuwa fahari ya mtaa mzima. Alitundika humo picha za wateja waliotoka vizuri: maharusi, makarani, mabibi waliovaa baibui mpya. Mtu akitoka Kiriba na kapu la samaki ilikuwa lazima asimame pale atazame. Wengine walizisalimu picha. Kisha ndipo ulipofika kwenye duka la Bwana Lalji la nguo, na kibarazani kwake tulikaa sisi mafundi cherehani.

Mimi ni Jumanne. Mwaka 1951, ambao ndio wa habari hii, nilikuwa mtu mzima mwenye mke na cherehani yangu mwenyewe, na jioni nilisoma shule ya watu wazima. Gazeti lilipofika kutoka Mwanza mimi ndiye niliyewasomea wenzangu, wao wakiendelea kukanyaga.

Mtaa ule ulikuwa na adabu zake, na mpaka leo najivunia kwamba nilizifuata. Jeneza lilipopita, kila mwenye duka alifunga bawa moja la mlango. Aliyefunga yote mawili tulisema anajionyesha, na aliyeacha yote wazi tulisema hakulelewa. Cherehani zilisimama, nyundo zilisimama. Kila mwanamume alitoka kibarazani kwake, akaingia chini ya jeneza, akalibeba mpaka kibaraza cha jirani, naye jirani akampokea. Hivyo maiti aliteremka mtaa mzima akipita begani mwa kila mtu.

Na jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililotufikisha tulikofika. Hatukuuliza nani amekufa. Kuuliza wakati jeneza limeshatoka ilikuwa ni kukiri kwamba hukupelekewa habari, yaani hukuhesabiwa miongoni mwa watu. Kwa hiyo ambaye hakujua alinyamaza, akabeba, akasubiri asikie makaburini.

Mwenzangu wa karibu pale kibarazani alikuwa Hamduni. Cherehani yake ilikuwa upande wangu wa kulia, naye alikuwa fundi wa makoti asiye na mfano. Alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliichukia: pini zake aliziweka mdomoni, upande wa kushoto, na hakuzitoa hata alipozungumza. Maneno yake yalitoka upande wa kulia tu, meno yamebana. Usipomzoea ungedhani ameumwa jino.

Miaka miwili kabla yake Hamduni alipanda lori kwenda Buhemba kuwapima makarani wa machimboni waliotaka suti. Aliondoka na tepu yake shingoni. Hakurudi. Tuliuliza kila dereva aliyetoka huko. Mmoja alisema alimwona akivuka mto, mwingine alisema aliteremka katika shimo la zamani pamoja na watu waliomdanganya kuhusu dhahabu, mwingine alisema amepata mke. Hakuna aliyeleta kitu cha kushika mkononi.

Mkewe Siwema alikaanga vitumbua upande wa pili wa njia, akitazamana na sisi. Cherehani ya Hamduni aliifunika kwa kitambaa cheupe, akakifua kila Ijumaa na kukirudisha. Alikwenda kwa Shehe Salum wa msikiti wetu kuomba akae eda, yaani aomboleze kama wajane wanavyoomboleza, yapite, ajue moja. Shehe alikataa. Alisema hapana maiti, hapana shahidi, basi hapana eda, angoje. Naye akangoja. Hakuweza kuvaa vizuri kama mke wala kulia kama mjane. Wanawake wa kisimani, kwa sababu midomo ya watu haina pazia, walimpa jina: Bibi Labda. "Bibi Labda, vitumbua vya leo vimeiva, au labda?" Alikuwa akicheka nao, kisha akifika kwake anageuza kaango kwa nguvu mpaka mafuta yanaruka.

Sasa siku yenyewe. Sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, tumerudi kazini, jua limekaa juu ya mabati. Nilikuwa natia lastiki kwenye suruali ya mtoto nilipogundua kwamba nyundo ya mfua bati haisikiki. Kisha za washona viatu zikanyamaza. Ukimya uliteremka mtaani ukifuata vibaraza, na nyuma yake likaja jeneza la msikiti, lile lenye miguu kama kitanda, limefunikwa shuka lake la kijani.

Bwana Lalji akainuka bila neno akafunga bawa moja la mlango. Nikavua miwani, nikashuka, nikapokea mti wa mbele upande wa kushoto kutoka kwa Clementi. Lilikuwa jepesi. Nilidhani ni mtoto, au mzee aliyemalizwa na ugonjwa mrefu. Hakuna aliyesoma dua kwa sauti, nami nikafikiri wafiwa wako nyuma wamezidiwa.

Tulipofika mbele ya Siwema, jeneza likasimama.

Sisemi kwamba tulilisimamisha. Nilitaka kwenda, na mguu wangu ulikuwa hewani, nikaurudisha pale pale. Mti uliingia begani mwangu kana kwamba mtu mzima ameketi juu yake ghafla. Mwenzangu wa upande wa kulia alinitazama, jasho likimtoka puani. Siwema alisimama, akajitanda kanga kichwani. Kitumbua kimoja kilikuwa kinaungua kwenye kaango, moshi ukampanda usoni, wala hakuutazama.

"Shemeji," aliniuliza, na katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeuliza, "nani huyo?"

Nikatikisa kichwa. Hapo hapo uzito ukaondoka, miguu ikaenda.

Msikitini Shehe Salum alitokea mlangoni akiwa na tasbihi. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa na habari, na kwamba amekasirika kidogo kwa kutopelekewa. Lakini naye alikuwa mtu wa mtaa ule. Akavaa viatu, akatangulia mbele kama aliyekuwa akitungoja tangu asubuhi.

Makaburini tulilitua jeneza kivulini, tukashika majembe ya msikiti yaliyokuwa yakihifadhiwa pale. Kila mmoja alichimba kidogo akampisha mwenzake. Udongo wa pale ni laini, una mchanga wa ziwa, kazi haikuwa ndefu. Kisha tukajipanga safu nyuma ya Shehe kwa ajili ya kumsalia maiti, naye, bila kugeuka, akauliza kama inavyopaswa:

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume," mtu akajibu kutoka safu ya nyuma.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayezungumza meno yamebana. Shehe akaanza takbira. Tukasali mpaka mwisho, tukatoa salamu. Shehe akasogea ukingoni mwa kaburi, akasema maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi tangu utotoni:

"Wenye maiti waingie."

Maana yake ndugu wa marehemu washuke kaburini wampokee mtu wao. Hakuna aliyetoka. Mfua bati alimtazama mshona viatu. Mshona viatu alinitazama mimi. Mimi niliwatazama walio nyuma, nao walikuwa wamegeuka kuangalia nyuma yao, na nyuma yao palikuwa na majani na ziwa tu.

"Wenye maiti," Shehe akarudia.

Upepo ukainua pindo la shuka, ukalirudisha.

"Jamani," Shehe akasema polepole, "huyu ni wa nani?"

Ndipo ikajulikana. Mfua bati alidhani ni wa washona viatu, kwa kuwa waliinamisha vichwa sana. Washona viatu walidhani ni wa kwetu mafundi cherehani. Mimi nilidhani wafiwa wako nyuma. Nyuma walidhani wafiwa wako mbele. Kila mmoja alibeba kwa adabu, akachimba kwa adabu, na sasa kaburi lilikuwa wazi mbele yetu na hatukuwa na jina la kulitia ndani.

Shehe akasoma bismillahi, akalifunua shuka.

Palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka hapakuwa na kitu. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu alisogea akaona tulichokiona. Mkeka ulikuwa umebonyea. Palionekana mahali pa kichwa, mahali pa mabega, mahali pa visigino, kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi. Na pale penye visigino palikuwa na udongo mwekundu, mwekundu wa milimani, kama wa kule Buhemba, ambao huwezi kuuokota popote Musoma mjini.

Mimi si mtu wa kuamini kila linalosemwa. Nilipiga magoti nikaugusa ule udongo. Ulikuwa na unyevu.

"Tulifukie tu tuondoke," mfua bati akasema.

"Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu," akajibu mzee mmoja wa Kiriba. "Kwetu tunazikaga mgomba. Ukiliacha na njaa litajitafutia."

"Hayo si ya dini," Shehe akasema kwa ukali, lakini niliona hakusogea kuchukua jembe. "Jumanne, wewe unajua kuuliza watu. Rudi mtaani. Fuata kibaraza kwa kibaraza mpaka ujue jeneza hili limetoka mlango gani. Sisi tutakaa hapa."

Clementi mpiga picha alikuwa amesimama nje ya uzio wa makaburi. Alikuwa Mkristo, lakini alibeba kama sisi. Akafuatana nami. Tulipanda mtaa tukiuliza, nami sijapata kuuona mtaa ule vile: mabawa ya milango nusu wazi, vibaraza vitupu, kazi za watu zimelala zilipoachwa. Wachache waliobaki walijibu jibu moja. Nilipokea kwa jirani wa juu. Nilipokea kwa jirani wa juu. Mtumishi wa mfua bati, aliyebaki akilinda ndoo, ndiye wa mwisho.

"Sisi tulipokea kwa washamba wawili," alisema. "Wamevaa mablanketi. Tulipoingia chini ya jeneza wakatuachia, wakatushukuru sana. Nikasema mbona wafiwa hawa wana furaha?"

Kwa Mzee Kudura tulimkuta mwenyewe anarudi kutoka kula, anachokonoa meno. Akasimama mlangoni, akatazama sakafu yake.

"Jeneza langu liko wapi?"

"Lako?" Clementi akauliza.

"La msikiti! Niliambiwa nilitie mguu mpya. Nimemaliza asubuhi, nikalifunika shuka lisiingie vumbi la randa, nikaenda kula. Nani kaiba jeneza? Hata mwizi ana mipaka!"

"Ndani yake ulitia nini?"

"Nitie nini, kaka? Mkeka. Mkeka mpya, haujalaliwa."

Wale washamba wawili hawakuwa mbali. Walikuwa hotelini wanakunywa chai, mmoja mrefu, mmoja mnene, watu wa Butiama waliokuja kuuza samli. Mrefu aliitwa Wanzagi, mnene Matiko. Nilipowaambia kwamba walibeba jeneza, Matiko akaweka kikombe chini.

"Jeneza? Mzee, kile kilikuwa kitanda."

"Kitanda gani kinabebwa kimefunikwa shuka la kijani?"

"Ninyi watu wa mjini mnafunikaga kila kitu," Matiko akasema. "Hata redio mnaivalisha kitambaa. Sisi tungejuaje? Kwetu mtu akifa anazikwa hapo hapo nyumbani, hatembezwi."

"Mimi nilimwambia huyu," Wanzagi akaongeza, "nikasema, Matiko, watu wa Musoma wana ukarimu. Kitanda tu cha mtu anahama, na mtaa mzima wanakimbilia kusaidia!"

"Nani aliwapa mkibebe?"

"Mwenyewe. Alikuwa amesimama pale kwa seremala, mlangoni kwa ndani. Akatuita. Akasema, nisaidieni kukiteremsha, huko chini wenyewe watapokea."

"Halafu yeye akaenda wapi?"

Wakatazamana. "Alisema anakuja nyuma," Matiko akajibu. "Akatuambia tupite upande wenye vitumbua. Hatukugeuka tena."

Clementi alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mwenye vitumbua mtaani ni mmoja tu. Tukawachukua mpaka kwenye dirisha lake. Nilimwacha Wanzagi kwenye kibaraza cha washona viatu, asione wala asisikie, nikamleta Matiko kwanza. Aliweka pua kwenye kioo kama wanavyofanya wageni wote. Alizipita picha za maharusi, akawapita makarani, akapita picha yangu mwenyewe bila kuijua ingawa nilikuwa nimesimama ubavuni pake, jambo ambalo liliniudhi kidogo.

"Huyu hapa," akasema. "Na ile kamba yake shingoni."

Nikamleta Wanzagi. Naye akaweka kidole pale pale, kwenye picha ya Hamduni aliyopigwa sikukuu, na tepu ya kupimia shingoni.

"Lakini leo amekonda," Wanzagi akasema. "Na miguu ni myekundu mpaka hapa." Akaonyesha gotini.

Sijui habari ilikimbiaje, ila tuliposhuka kwenye kibaraza cha Bwana Lalji tayari Siwema alikuwa amezima moto wake. Shehe Salum naye alikuwa amepanda kutoka makaburini, kwa kuwa alasiri ilikaribia, na watu nyuma yake. Tulisimama wote katikati ya njia. Nikaeleza yote kwa utaratibu, na wale wawili wakathibitisha.

Siwema alimsogelea Matiko. "Alipokuita, alizungumzaje?"

"Kwa shida, dada. Upande mmoja tu." Matiko akabana meno, akavuta mdomo kulia. "Hivi. Kama ana kitu mdomoni."

"Pini," Siwema akasema.

Hapo nikaikumbuka sauti ya safu ya nyuma.

"Shehe," Siwema akageuka, "uliniambia hapana shahidi. Hawa hapa wawili. Nipe eda yangu."

Shehe alivuta tasbihi yake punje kwa punje. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu aliyeogopa kukosea mbele ya Mungu.

"Binti yangu, sikiliza wanachosema. Wanasema wamemwona. Amesimama kwa miguu yake, amezungumza, leo hii, mchana wa leo. Mashahidi wawili wa kwamba mtu yu hai. Nikufungue vipi? Kwa ushahidi wao wewe ni mke, na mume yumo humu humu mjini. Ngoja arudi nyumbani."

Mtu akaguna. Nikaona uso wa Siwema ukitaka kurudi mahali ulipokuwa mwaka wote ule na mwaka wa kabla yake. Mwanamke mmoja wa kisimani, ambaye simtaji, akatamka pole pole lile neno, "Labda," labda kwa huruma, sijui.

Siwema hakupandisha sauti.

"Shehe, kule chini mlisali?"

"Tulisali."

"Sala ya maiti?"

"Sala ya maiti."

"Uliuliza mwanamume au mwanamke?"

"Niliuliza."

"Nani alikujibu?"

Shehe aliwageukia watu, mmoja mmoja, akingoja mtu aseme ni mimi. Mfua bati akatikisa kichwa. Washona viatu wakatikisa vichwa. Nami nikasema, kwa kuwa ilibidi mtu aseme: "Ilikuwa sauti yake, Shehe. Nimekaa ubavuni pake miaka. Ilikuwa ya Hamduni."

"Basi amejitaja mwenyewe," Siwema akasema. "Mtaa mzima umembeba. Wewe umemsalia. Ulimsalia mtu aliye hai, Shehe? Kama yu hai, rudini mkamwite pale kaburini aje ale, mimi nitampikia. Kama hamwezi kumwita, nipeni eda yangu."

Tasbihi ilikuwa imesimama kati ya vidole vya Shehe. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Kaa eda, binti yangu. Kama nimekosea, kosa ni langu."

Siwema alivuka njia. Alikiondoa kitambaa cheupe juu ya cherehani ya Hamduni, akafungua saraka, akatoa koti. Nililijua. Ni koti lake mwenyewe, alilolikata kwa kipimo chake na hakulimaliza, kwa sababu fundi hujishonea mwisho. Mkono mmoja ulikuwa umeshikizwa kwa uzi wa bandi tu, na mistari ya chaki ilikuwa bado ipo. Alilikunja akalifunga ndani ya kile kitambaa cheupe, akanipa mimi, kwa kuwa wanawake kwetu hawaendi makaburini.

"Shemeji, yeye hana ndugu hapa. Wewe ndiye mwenye maiti."

Tulirudi jua likiwa limeanza kulala juu ya ziwa. Koti nilikuwa nalo chini ya kwapa, jepesi, kama koti lolote ambalo halijatiwa bitana. Mzee wa Kiriba alifurahi kuona kaburi linapata kitu; Shehe alijifanya hakumwona anafurahi. Jeneza lilikuwa pale pale kivulini. Shehe akaniagiza niliweke lile furushi juu ya mkeka kwanza, lifunikwe shuka, ili mambo yaende kwa taratibu. Nikaliweka.

"Wenye maiti waingie."

Nikashuka. Kaburini kulikuwa na ubaridi na harufu ya maji. Nikainua mikono kulipokea furushi. Juu, mfua bati na Clementi, ambaye safari hii aliingia ndani ya uzio na hakuna aliyemkataza, waliinama kuliinua kutoka kwenye mkeka, nikawaona wakitazamana. Walilishika kila mmoja upande wake. Waliliteremsha taratibu, wakipumua kwa nguvu, na lilipofika mikononi mwangu magoti yangu yalikunjika. Nililipokea kifuani kama unavyompokea mtu mzima aliyesinzia. Upande mmoja, mahali ambapo mkono wa koti ulikuwa haujashonwa, kitu kililegea kikanigusa shavu.

Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla. Sikufungua kitambaa. Watu walinipa mikono wakanivuta juu, na sote tukatia udongo, tukamwagia maji juu ya tuta.

Kutoka Buhemba haikuja habari yoyote, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, mpaka Waingereza wakashusha bendera yao wakaenda. Matiko na Wanzagi walirudi Butiama, na nilisikia kwamba kila walipokuja Musoma walizunguka kupitia nyuma ya posta. Clementi aliitoa ile picha dirishani, akampelekea Siwema bure. Na adabu za mtaa zilibadilika kitu kimoja: tangu siku ile, kabla hujaingia begani chini ya jeneza, unauliza ni nani, na hupokei mpaka umejibiwa na mtu unayemwona uso.

Siwema alikaa eda yake ndani, amevaa nguo nyeupe, na wanawake wa kisimani walimpelekea maji na kuni kwa zamu. Hapana aliyemwita lile jina tena. Eda ilipokwisha alioga, akavaa kanga mpya, akatoka. Hakurudi kwenye kaango. Alivuka njia, akaketi kwenye kiti cha Hamduni upande wangu wa kulia, akatia mafuta kwenye cherehani, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza. Bwana Lalji alimtazama kutoka dukani, akafikiri, akampelekea kitambaa cha suti.

"Utaweza, bibie? Hii ni ya karani wa bomani."

Alikitandaza magotini, akakipima kwa macho. Alichota pini kwenye kikopo akazitia mdomoni, upande wa kushoto. Kisha akamjibu, na mguu wangu ukasimama juu ya kikanyagio.

"Mwambie aje kesho kupima," alisema, meno yamebana, maneno yakitoka upande wa kulia tu.